Njia Ambayo Mtu Anaweza Kuanguka: Barabara Kuu ya Same na Mwendesha Baiskeli

Mjomba wangu ni fundi uashi. Kwa zaidi ya miaka thelathini amekuwa akitoka nyumbani kwake, nje kidogo ya mji wa Same, kabla jua halijachomoza upande wa Mkomazi, akiwa juu ya baiskeli yake ya Phoenix. Mwiko, pimamaji na kamba hufungwa kwenye keria. Chepe hulazwa ubavuni kwa mpira wa tyubu. Baiskeli hiyo imejenga nyumba nyingi kuliko wakandarasi kadhaa ninaowafahamu. Miaka michache iliyopita, katika asubuhi isiyo na tofauti na nyingine, lori la tela lilimpita karibu mno. Halikumgusa. Upepo wake ndio uliomyumbisha. Gurudumu la mbele likatoka kwenye lami, likadondoka katika ukingo uliolika, mjomba akaangukia upande wa barabara, na pikipiki iliyokuwa ikilifuata lori ikampitia nyonga. Alilala kitandani kwa miezi sita.

Nilipokwenda kumjulia hali nilikuwa na hasira za msomi: nilitaka kuzungumza juu ya dereva, leseni, sheria na adhabu. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi sikatai kuanguka. Baiskeli ni chombo cha kuanguka. Hata mtoto anajua. Ninachoomba ni mahali ambapo nikianguka nitainuka."

Nimesoma maandiko mengi kuhusu usalama barabarani tangu siku ile, na sijakutana na tafsiri iliyo bora kuliko hiyo ya maana ya njia ya baiskeli iliyokingwa. Katika makala haya nataka kuichukua kauli ya mjomba kwa uzito wake wote, kama kipimo cha uhandisi, na kuuliza: je, barabara kuu inayopita Same inakidhi kipimo hicho? Kama haikidhi, ingepaswa kusanifiwa vipi?

Msomaji asiyeijua Same aelewe kwanza sura ya mahali penyewe. Mji umekaa chini ya Milima ya Upare ya Kusini, kwenye tambarare kavu iliyo katika kivuli cha mvua. Barabara inayotoka Dar es Salaam na Tanga kwenda Moshi na Arusha inaambaa na milima: Hedaru, Makanya, Same, Lembeni, Mwanga. Juu yake hupita mabasi ya abiria, malori ya mizigo ya kwenda Holili na Namanga, malori ya jasi kutoka Makanya, na kila Desemba msururu wa magari madogo ya watoto wa Kilimanjaro wanaorudi nyumbani kula sikukuu, mimi nikiwamo. Huko milimani, Mbaga, Vudee, Suji au Chome, baiskeli haina kazi kubwa. Mlima unamtaka mtu atembee, au apande bodaboda na kumwomba Mungu. Lakini huku chini, baiskeli ni mguu wa pili. Mwanafunzi, fundi, mama mwenye ndoo ya maharage, mzee anayefuata maji au anayepeleka majani ya mifugo, wote hujikuta kwenye ukanda uleule wa lami na basi linalokimbizana na muda.

Sasa tuhesabu, maana katika jambo hili hesabu ndiyo siasa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kutoka katikati ya barabara. Hizo ni mita 60 kwa jumla. Sote tunakumbuka alama nyekundu za X kwenye kuta, na tunakumbuka ule mjadala wa nani aliifuata barabara na nani alifuatwa na barabara. Vibanda vilivunjwa, nyumba zilivunjwa, miembe ilikatwa. Wananchi waliambiwa kwamba ardhi hiyo ni ya umma na kwamba umma unaihitaji. Vema. Barabara ya kawaida ya namna hii ina njia mbili zenye upana wa jumla wa takriban mita 7, na ukiongeza mabega yake unapata kama mita 11. Zinabaki mita 49. Ndani ya mita 49 zilizochukuliwa kwa jina la umma, mwendesha baiskeli, ambaye ni umma kama abiria wa basi, hakupewa hata mita mbili zinazoitwa zake.

Nimewahi kulisema jambo hili mbele ya wahandisi, na jibu nililopewa lilikuwa la upole: "Daktari, bega la barabara ndilo la baiskeli." Naomba tulitazame bega hilo. Kwanza, ndipo basi linaposimama kushusha abiria. Pili, ndipo lori lililoharibika linapoegeshwa, matawi ya miti yakiwa yametandazwa nyuma yake badala ya kiakisi. Tatu, ndipo bodaboda wanapofanya kijiwe na mama lishe wanapoweka meko. Nne, yale matuta madogo ya mfululizo yanayowekwa kumwamsha dereva kabla ya kijiji mara nyingi huendelea mpaka kwenye bega, nayo humtikisa mwendesha baiskeli mwenye mzigo hadi akahamia katikati ya lami, mahali hasa asipotakiwa kuwa. Tano, na hili ndilo lililomwangusha mjomba, ukingo wa lami ukilika hubaki kama ngazi. Bega ni nafasi ya dharura ya gari. Kumwambia mtu aishi humo kila siku ni kumwambia alale kwenye mlango wa dharura wa hoteli.

Wengine husema tuchore mstari. Kopo la rangi nyeupe, picha ya baiskeli kila baada ya mita mia, kazi imekwisha na picha za uzinduzi zimepigwa. Mimi naiogopa rangi kuliko ninavyoogopa kutokuwapo kwake, kwa sababu mstari humpa mtoto imani ambayo lami haiwezi kuitetea. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa husafiri mita 22 katika sekunde moja. Hata likitii kibao cha 50, kama linavyopaswa kutii ndani ya mji, husafiri karibu mita 14. Katika sekunde hiyo dereva hajakanyaga breki bado. Ndiyo kwanza ubongo wake unaambiwa kuna kitu mbele. Rangi haina la kufanya ndani ya sekunde hiyo. Zege lina la kufanya. Mtaro una la kufanya. Mti una la kufanya.

Jioni ya tarehe 28 Juni 2025, katika eneo la Sabasaba hapo hapo Same, basi kubwa na basi dogo yaligongana na kuwaka moto. Zaidi ya watu 35 walipoteza maisha. Taarifa za awali zilitaja kupasuka kwa tairi. Sikutaja msiba huo ili kuuvuta kwenye hoja yangu kwa nguvu. Waliokufa walikuwa abiria, si waendesha baiskeli, na wapo wasomaji wa ukurasa huu walioacha jamaa pale. Nautaja kwa sababu baada yake tulizungumza sana juu ya madereva na matairi, na kidogo sana juu ya barabara yenyewe. Tairi hupasuka. Dereva husinzia. Mwendesha baiskeli hukwepa shimo. Haya yataendelea kutokea hata nchi ikiwa na madereva malaika. Swali la msanifu ni nini kinachofuata sekunde moja baada ya kosa, na jibu la swali hilo limo katika mchoro, si katika mahubiri ya Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani.

Nieleweke vema: sipingi elimu. Mimi ni mwalimu, nitaipingaje? Lakini katika nchi yetu neno "elimu kwa watumiaji wa barabara" limekuwa mahali pa kuweka lawama ya yule asiye na gari. Anaambiwa avae nguo zinazong'aa, aweke taa, atazame kushoto na kulia. Aliyebuni barabara isiyo na pa kupita haambiwi kitu.

Basi tuchore. Nitaanza na upana, kwa kuwa ndipo wengi wanapokosea wakiwa mezani. Desemba iliyopita, mimi na binamu yangu tulichukua futi kamba tukapima baiskeli ya mjomba ikiwa imebeba madumu mawili kila upande. Ilikuwa mita moja na sentimita kumi. Baiskeli iliyomo vichwani mwa wasanifu ni ile ya picha za Ulaya: kijana mmoja, mkoba mgongoni, usukani mwembamba. Yetu ni gari la mizigo lisilo na injini. Huyumba zaidi inapopanda, huhitaji nafasi ya kusimama, na mwenye mzigo hupitwa na asiye na mzigo. Njia ya upande mmoja yenye mita moja na nusu haitoshi. Itamrudisha mwenye haraka kwenye lami. Upana wa mita 2.5 ndio wa kuanzia mazungumzo.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vya kigeni hulitaja kwa haraka lakini kwetu ni kubwa: uelekeo. Mtu anayetoka dukani kwenda gereji, yote mawili yakiwa upande uleule wa barabara kuu, umbali wa mita mia tatu, hatavuka malori mara mbili ili aende kwa uelekeo sahihi. Atakwenda kinyume. Unaweza kumwita mkaidi, lakini amepiga hesabu ya hatari na amepata jibu sahihi. Kwa hiyo ndani ya mji njia iwe kila upande, na kila upande uruhusu kwenda na kurudi. Hapo mita 3 hazikwepeki. Kumbuka tunazo 49.

Nini kiitenge na magari? Katika miji yenye nafasi finyu hutumika ukingo wa zege au nguzo fupi, na hata hizo ni bora mara elfu kuliko rangi. Kwetu nafasi ipo, na tayari tunajenga kitu ambacho kingeweza kuwa ukingo bila kuongeza gharama kubwa: mtaro wa maji. Leo mpangilio ni lami, bega, mtaro, kisha vumbi na maduka. Njia ya baiskeli ikiwekwa ng'ambo ya mtaro, pamoja na ukanda mdogo wa miti, lori lililopoteza mwelekeo lina vikwazo viwili kabla ya kumfikia mtoto wa shule. Miti nayo si pambo. Jua la Same saa saba mchana halina huruma, na upepo wa tambarare humsukuma mtu kama anayeidai barabara. Mwarobaini humudu ukame wetu na hutoa kivuli. Sharti mtaro ule uwe wa kina kifupi au uwe na mifuniko, kwa sababu mtaro wazi wenye kina cha mita moja na kingo za mawe ni mtego mwingine tu tuliomtegea yuleyule.

Mwaka wowote wenye mvua nzuri, milima hutushushia mchanga na mawe kupitia makorongo. Mtu anayesanifu njia chini ya Upare bila kufikiria makorongo amesanifu mto. Na hapa nafika kwenye sehemu ninayoiona kuwa roho ya suala zima, ingawa katika michoro mingi huwa ni mistari midogo pembeni: kalavati na madaraja. Tembea kando ya barabara kuu yoyote nchini utaona njia ya miguu iliyochongwa na wananchi wenyewe, safi, imenyooka, nje kabisa ya lami. Wanaitunza kwa nyayo. Kisha inafika kwenye kalavati na kukatika, kwa sababu kalavati ilijengwa kwa urefu unaotosha magari peke yake. Mwenye baiskeli aliyekuwa salama kwa kilometa nzima hulazimika kupanda kwenye lami pale hasa barabara inapobana na kuta za zege zinapomnyima pa kukimbilia. Njia iliyokingwa kwa asilimia tisini na tano na kukatika darajani inamfikisha mtu kwenye hatari akiwa amelegea. Kwa hiyo fedha zikiwa chache, nitatoa ushauri utakaoonekana wa ajabu: anzeni na kalavati. Zirefusheni, muweke vidaraja vya baiskeli na miguu pembeni. Njia katikati yake wananchi wameshaichora.

Baada ya madaraja ni makutano. Magari yanayotoka barabara kuu kuingia mjini, au kituoni, hukata kona kwa kasi ileile yaliyokuja nayo kwa kuwa kona zetu zimechorwa pana ili lori lizunguke bila kupunguza mwendo. Kona ibanwe. Njia ya baiskeli ivuke kwenye tuta bapa, kwa kimo chake yenyewe, gari ndilo lipande na kushuka. Kivuko cha kuvukia barabara kuu kiwe na kisiwa katikati, ili bibi avuke nusu, apumzike, avuke nusu nyingine. Haya si mambo ya anasa. Dar es Salaam yenyewe imekuwa mfano: mradi wa shirika la Amend wa kuboresha njia na vivuko karibu na shule za msingi, kwa vitu vidogo kama njia za miguu, nguzo fupi na matuta, ulipata tuzo ya kimataifa ya miji, WRI Ross, mwaka 2019.

Kuna bodaboda. Kila ninapozungumza na wanaharakati vijana huniambia kwamba njia ikijengwa itajaa pikipiki siku ya pili, na wanasema kweli. Atakayepita kando ya Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, ambako njia za miguu na baiskeli zilijengwa pamoja na mradi wa mabasi yaendayo haraka ulioanza kutoa huduma mwaka 2016, ataona pikipiki zikikatiza humo foleni inapozidi, na bidhaa zikiwa zimepangwa chini. Nguzo mlangoni huzuia gari na bajaji. Pikipiki haizuiliki bila kumzuia pia mwenye mzigo, mwenye guta na mwenye kiti cha magurudumu. Huo ni ukweli mchungu na sina dawa yake ya zege. Ninachojua ni kwamba nusu ya tatizo hutokana na kijiwe kukosa mahali. Mchoro wa barabara usioonyesha bodaboda wataegesha wapi, mama lishe atakaa wapi na basi litashusha wapi, umeshaamua kwamba wote hao watakaa kwenye njia ya baiskeli. Wapewe nafasi katika zile mita 49. Nusu iliyobaki ni ya trafiki na ya viongozi wa vijiwe wenyewe, ambao kwa uzoefu wangu huwa na nidhamu kuliko tunavyowasema, wakishirikishwa kabla ya kazi kuanza.

Wapo watakaosema haya ni mawazo ya Uholanzi. Hoja hii hunichekesha kidogo. Uholanzi haikuzaliwa na njia za baiskeli. Baada ya vita vikuu magari yaliijaza kama yanavyotujaza sisi, na mwaka 1971 pekee barabara zake ziliua zaidi ya watu 3,000, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto. Wazazi waliingia mitaani, serikali ikalazimika kusikia. Seville, huko Hispania, ilikuwa karibu haina waendesha baiskeli. Ilijenga mtandao wa kilometa zipatazo 80 uliokingwa na uliounganika, kati ya mwaka 2006 na 2007, na katika muda mfupi idadi ya waendeshaji ikaongezeka mara kadhaa. Neno la kuzingatia hapo ni "uliounganika".

Lakini kwa nini twende mbali? Katika miaka ya 1990 majaribio ya njia za miguu na baiskeli yalifanyika Temeke na Morogoro hapa kwetu, sambamba na Nairobi na Eldoret nchini Kenya, chini ya mpango wa usafiri wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara. Mwongozo uliotokana na kazi hiyo, ulioandikwa na Marius de Langen na Rustica Tembele, ulichapishwa mwaka 2001 kwa ajili ya miji ya Afrika. Yaani Tanzania ilikuwa darasa ambamo bara zima lilijifunzia. Robo karne baadaye tunauliza kama wazo hili linafaa mazingira yetu. Mwalimu amesahau somo alilolifundisha mwenyewe.

Hoja ya fedha naichukulia kwa uzito zaidi, hasa inapotoka kwa watumishi wa umma ambao hupokea nusu ya bajeti walizoomba. Kupasua barabara iliyokamilika ili kuongeza njia ni ghali. Kuiweka kwenye mchoro kabla ya ukarabati ni nafuu zaidi, na barabara zote hufikia siku ya ukarabati. Wala siombi njia iliyokingwa kutoka Segera hadi Himo. Naomba ndani ya mji, kilometa chache ambamo watu wanaishi, na kwenye miji midogo iliyopangana chini ya milima. Nje ya hapo, kalavati ndefu na ile njia ya nyayo iliyosawazishwa kwa greda zingetosha kwa muda mrefu.

Kuna toleo jingine la hoja hiyo ya fedha ambalo sitalivumilia: kwamba barabara hujengwa kwa tozo ya mafuta, na mwenye baiskeli hachangii Mfuko wa Barabara. Tofali analolijenga mjomba lilikuja kwa lori lililolipa tozo, na gharama hiyo imo katika bei ya tofali. Tangawizi ya Mamba, mpunga wa Ndungu, sabuni anayonunua mama yake bodaboda, vyote vimelipa. Isitoshe, wazee watakumbuka nyakati ambapo baiskeli yenyewe ilitozwa ada na halmashauri. Na kuzungumza habari za kodi Same ni kugusa jambo lenye kumbukumbu. Mnamo Januari 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani kwa miguu, wakapiga kambi hapa Same, makao ya wilaya ya kikoloni, kuipinga kodi ya mbiru. Profesa Isaria Kimambo ameiandika historia hiyo, na kila mwanafunzi wangu anayetoka huko namtaka aisome. Watu wale walitaka kujua kwa nini wanakadiriwa namna ile na nani amekubaliana nao. Wajukuu wao wana haki ya kuuliza swali la namna hiyo kuhusu mita 60.

Nani aulizwe? Hapa ndipo raia wengi wanapopotea. Barabara kuu iko chini ya TANROADS. Mitaa inayoingia humo iko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Vijiwe, vibali vya biashara na shule viko chini ya halmashauri. Mwendo kasi ni wa polisi. Mtoto anayetoka uchochoroni kwenda shuleni hupita mamlaka tatu kwa dakika tano, na kila moja ina sababu ya kusema njia yake si kazi yake. Pahala pekee ninapopafahamu ambapo wote hukaa meza moja ni kikao cha Bodi ya Barabara ya Mkoa, pamoja na wabunge na wakurugenzi wa halmashauri. Nimesoma taarifa za vikao vya namna hiyo kutoka mikoa kadhaa: kilometa za lami, asilimia ya utekelezaji, madeni ya wakandarasi. Sikumbuki kuona neno baiskeli. Madiwani wa kata za chini ya milima wanaweza kulipeleka, wakianzia kwenye kamati za maendeleo za kata zao, na walipeleke likiwa mahususi: orodha ya kalavati fupi, moja baada ya nyingine, kwa jina la korongo. Ombi la "usalama zaidi" hujibiwa kwa semina. Ombi la kalavati kumi na mbili zenye majina hujibiwa kwa bajeti, au kwa kukataliwa kulikoandikwa, na hata kukataliwa kwa maandishi ni mwanzo.

Wanafunzi wa uhandisi na mipango miji wanaosoma hapa, nanyi mna kazi ya likizo. Futi kamba inatosha. Pimeni upana wa baiskeli zilizobeba mizigo katika miji yenu, urefu wa kalavati, kimo cha ukingo wa lami uliolika. Takwimu hizo hazimo katika makabati ya ofisi yoyote niliyoingia, na asiyehesabiwa hachorewi njia.

Mjomba amerudi kwenye baiskeli. Anachechemea akitembea, lakini juu ya pedali hutambui. Siku hizi hapiti lamini. Hupita njia ya vumbi ng'ambo ya mtaro, na akifika kwenye kalavati hushuka, husimama, husikiliza. Asema anasikiliza kwa sababu macho hayatoshi, lori la nyuma hulijua kwa sikio. Kukiwa kimya husukuma baiskeli mbio hadi ng'ambo, apande tena. Nilimwonyesha mchoro wangu nilioutengeneza kwenye karatasi ya mtihani, njia ya mita 3, miarobaini, vidaraja. Akaugeuza huku na huku, kisha akaweka kidole cha fundi, chenye saruji kwenye kucha, pale nilipochora kidaraja.

"Hapa umeweka kizuizi pembeni?" akauliza. "Maana hapa ndipo mtu ataangukia korongoni."

Sikuwa nimeweka. Nimekiongeza.